Kutu ya Upande Mmoja

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na anawasalimu nyote.

Uliniagiza nilitoe kutu gari la marehemu baba ili tumpe yule mnunuzi. Nililipeleka kwa fundi wa bodi, mwanamke mcheshi kweli. Alilizunguka akiligonga kwa vidole kama anayechagua tikiti maji. Upande wa dereva ulilia vizuri. Mlango wa abiria, mbele kushoto, uliitika pufu, na bisibisi ikazama humo kama kwenye mkate. Akaniuliza kama nyumbani tunalimwagilia maji kama bustani.

Unanijua nikishikwa na swali. Gari limesimama uani tangu msiba, na mvua haichagui upande. Kwa nini mlango mmoja tu? Nikavuta kigoda, nikakaa kumwangalia.

Alinionyesha vitundu vidogo chini ya mlango, vya kutolea maji, vimezibwa na tope. Maji yakilala humo, bati huliwa kutoka ndani, na nje huoni kitu mpaka rangi ivimbe. Alikata bati bovu lote hadi akafika kwenye chuma kizima. Alisema kufunika kutu kwa puti, ule udongo wao wa kusawazishia bati, ni kumfungia mwizi ndani. Akachomelea kipande kipya, akasaga, akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha puti nyembamba, msasa na rangi ya juu. Vitundu akavizibua, na ndani ya mlango akapuliza nta. Ila alisisitiza kwamba maji mengi kiasi kile hayapenyi yenyewe: kuna mtu hushusha kioo mvua ikinyesha.

Nilimwuliza mama kwa utani tu kama ni yeye. Alikuwa anakunja nguo. Akaikunja nguo moja mara mbili, akaikunjua tena.

“Nyumba ilikuwa ndogo, na nyinyi masikio marefu,” akasema. “Mimi na baba yenu tukitaka kugombana, tulikwenda garini.”

Kaka, hebu fikiria! Miaka yote ile tukijisifu kwamba wazazi wetu hawagombani!

Akaniambia kwamba siku hizi mvua ikianza, majirani wakijifungia ndani, yeye huingia garini na kukaa upande wake. Hushusha kioo kwa sababu kikipata ukungu haoni nyumba. Humweleza baba yaliyotokea. “Mengine bado nambishia,” akasema, akacheka, kisha akajifuta macho kwa shati lako la zamani.

Sasa sikia, usinipigie kelele. Nimeshamwambia mnunuzi gari haliuzwi. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungesema tulifikirie. Mama sikumkataza kushusha kioo. Nilimrudia fundi nikamwomba atoboe vitundu viwili zaidi, avipake rangi vizuri. Naye hakuuliza sababu.

Nimemwambia mama kwamba huenda ukakasirika. Hakutishika hata kidogo. Anasema uje, atakufungulia mlango wa dereva, mgombane vizuri.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie nimemkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba