Aliyebisha Hodi Addis Ababa

Mpendwa Bi Sijaona,

Naomba msaada, na kama utacheka basi cheka sasa hivi uimalize, maana huko mbele hakuna kicheko: mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mkazi wa Kibiti, nina kitambi, nina miwani iliyoshikiliwa kwa uzi, na ninavyokuandikia nimekaa kwenye nyumba ya wageni mjini Addis Ababa, nimevaa kanzu juu ya suruali mbili kwa ajili ya baridi, na pembeni yangu kuna begi la mgongoni kama la mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Tuko watatu, mimi, Hemedy na Swalehe, tuliojuana ujanani tukifanya kazi kwenye pantoni ya kuvusha mto pale Ndundu kabla daraja halijajengwa, na kusema kweli tulikuwa wanne, wa nne ni Nasibu, ambaye pantoni ilipokufa alirudi kwao Mohoro kulima mpunga, na safari hii ni yeye aliyeizua, aliwaona vijana wa Kizungu pale Ikwiriri wanakwenda kwa miguu na mabegi mgongoni akatuambia, "Hawa wamebeba nyumba kama konokono, na sisi tubebe zetu kabla hatujabebwa," akawa wa kwanza kununua begi na wa kwanza kupata pasi ya kusafiria.

Masika iliyopita Nasibu aliteleza shambani akaumia nyonga ya kulia, akapona lakini sasa anatembelea mkongojo, na mimi, dada yangu, nikaanza kujiona ninamkokota kwenye ngazi za uwanja wa ndege, begi langu mgongoni na lake kifuani, watu wanatutazama, basi siku moja nikampigia simu nikamwambia safari imeahirishwa mpaka baada ya mavuno, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Haya kaka, begi langu halili wala halinywi, litasubiri," kisha nikawaambia Hemedy na Swalehe kwamba Nasibu amejitoa mwenyewe, wakasikitika, Swalehe akasema afadhali maana yule bwana anakoroma, tukaondoka.

Siku ile ile tuliyofika, baada ya swala ya alasiri, wenzangu walishuka chini kuuliza maji ya moto, mimi nimebaki kitandani nimejifunika mpaka masikioni, nikasikia mlango unagongwa na sauti inasema, "Hodi hodi, wenyewe mpo au mmehama?" na hapo lazima nikueleze kwamba hodi ya namna hiyo katika dunia hii anaibisha mtu mmoja tu, Nasibu, tangu zama za pantoni, hata msibani anaibisha hivyo hivyo mpaka wafiwa wanatabasamu. Na sisi watu wa kwetu ukisikia hodi huulizi nani, mdomo unajibu kabla ya kichwa, nikasema, "Karibu, pita, mlango wazi." Nilipokwisha kusema ndipo nikakumbuka niko wapi, kwenye mji ambao tangu asubuhi sijamsikia mtu hata mmoja akitamka neno la Kiswahili. Mlango ukasogea kidogo, ukaingia ubaridi, na ndani ya ubaridi ule harufu ya tope la jaruba la mpunga. Nikainuka nikachungulia. Ukumbi mzima hauna mtu.

Nikajiambia ni usingizi na uchovu wa ndege, lakini jioni mama mwenye nyumba alituita uani tunywe kahawa, kwao kahawa ni shughuli, inakaangwa hapo hapo mbele yenu na ubani unafukizwa, akapanga vikombe vinne. Swalehe akamwonyesha vidole vitatu. Mama akacheka, akatuhesabu kwa kidole mmoja mmoja kwa lugha yake, na kwenye kigoda kitupu kidole kikatua vizuri tu akasema, "Arat." Kijana wake akatuambia kwa Kiingereza kwamba arat ni nne.

"Mama wa watu hesabu zimempiga chenga," Hemedy akasema.

"Kwani wewe zilikupenda?" Swalehe akamjibu. "Ulikuwa unavusha mbuzi ukiandika abiria."

Wakacheka, nami nikacheka, na kikombe cha nne sikukitazama tena mpaka tunaondoka, kikawa hakina kitu.

Siku ya pili jioni tulikula kwa Waislamu huko sokoni Merkato, chakula chao kinaletwa kwenye sinia moja kama kwetu, mkate mpana na mchuzi juu yake, kila mtu anamega upande wake, tukakaa mimi ukutani, Hemedy kulia, Swalehe kushoto, na upande wa mlangoni hakuna mtu, Bi Sijaona, naapa hakuna mtu, lakini tulipomaliza upande ule nao ulikuwa umemegwa taratibu, kwa adabu, umeachwa ukingo kama anavyoacha mtu aliyeshiba. Hemedy akamwambia Swalehe, "Wewe mkono wako umevuka mpaka Kilwa." Swalehe akaapa hakuvuka. Wakanitazama mimi na kitambi changu, nikakubali kwamba ni mimi.

Na chumba chetu kina vitanda vinne. Kila jioni kile cha nne shuka limebonyea upande mmoja, upande wa kushoto, kama alalavyo mtu anayeiogopa nyonga yake ya kulia.

Leo ni siku ya tano na sijampigia simu Nasibu, laini yangu ya nyumbani niliizima tangu uwanja wa ndege ili asinikamate, na sasa naogopa kuiwasha, maana kama yu hai nitamwambia nini, na kama amekufa atakayepokea ni Rukaya mkewe, ataniambia, "Shemeji, tumekutafuta sana," na mimi neno hilo siliwezi. Kesho kutwa tunapanda basi kwenda Harar, wenzangu hawajui lolote, wananiona nimekonda wanadhani ni chakula. Je, nipige simu au ningoje nirudi nyumbani? Niwaambie wenzangu kwamba nilidanganya? Na yule niliyemkaribisha, dada yangu, hutolewaje ndani bila kumvunjia heshima?

Ni mimi,
Mtu wa Kibiti, Addis Ababa

*

Mtu wa Kibiti,

Nimecheka pale uliposema nicheke, kisha nikaacha. Pole kwa baridi. Pole ya kitu kingine sikupi.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Mgeni uliyemwambia pita hatolewi. Mama yako alikufundisha hivyo kama wangu alivyonifundisha. Ungeweza kuuliza nani, hukuuliza, na hukuuliza kwa sababu sauti uliijua. Kwa hiyo usiniulize habari za mganga, wala usisome dua kama anayefukuza inzi. Mtu hafukuzwi mara mbili katika safari moja.

Wala usisingizie nyonga. Nyonga ni yake, aibu ilikuwa yako. Uliogopa kutazamwa na watu usiowajua, ukamfungia nje mtu unayemjua kwa miaka thelathini. Kisha ukazima na simu, hodi isisikike. Mzee mzima.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Barua yako nimeipokea leo Jumatatu. Jumamosi, siku mbili kabla, nilikuwa nimepata ujumbe kutoka Mohoro. Mwandishi hakutaja jina, alisema tu yeye ni mkulima na anatembelea mkongojo. Nitakunukulia sehemu, Mungu anisamehe: "Dada, siku hizi kila baada ya alasiri nikijinyoosha kwenye mkeka usingizi unanibeba, najikuta niko mji wa baridi, nabisha mlango, na rafiki yangu mmoja wa Kibiti ananiambia pita. Naingia nakaa nao. Wanaongea, wanacheka, hawanisemeshi. Mke wangu analalamika kwamba nikiamka sili, nasema nimeshiba. Rafiki zangu wenyewe wako kwao wanangoja mavuno, nikiwaeleza watanicheka. Hili ni maradhi gani?"

Nilikuwa nimeanza kumwandikia habari za malaria na kupima presha. Barua yako ilipofika nikafuta.

Basi alikuwa hai mpaka Jumamosi, hilo nakuhakikishia, na zaidi ya hapo sijui, kama nisivyojua mtu anafikaje Uhabeshi kwa kulala Mohoro. Kazi yangu ni ushauri. Mambo mengine yana wenyewe.

Leo hii, kabla ya alasiri, kabla hajajinyoosha, waite Hemedy na Swalehe wakae mbele yako. Washa laini. Piga, na weka sauti ya nje ili wasikie wote. Usianze na habari za nyumbani na mpunga umekubalije. Salamu moja, kisha useme, "Nasibu, safari haikuahirishwa, nilikudanganya, na hawa nao niliwadanganya." Kisha nyamaza. Kunyamaza kutakuwa kugumu kwako, naona kwa urefu wa sentensi zako, lakini nyamaza. Akitukana, yapokee. Akikata, rudia kesho. Rukaya akipokea yeye, ni maneno hayo hayo.

Harar msiende. Mwambieni aje, mumngoje hapo hapo. Pasi anayo, begi analo, na ninyi mmevusha magari ya mizigo kwenye mto wenye viboko, mtu mmoja na mkongojo wake hawashindi wanaume watatu. Wewe ndiye utakayembebea begi, mbele ya watu, ngazi zote.

Na akikubali kuja, usijisumbue kumwelekeza nyumba. Asipokuuliza iko wapi, usishangae.

Bi Sijaona