Pigo la Pili

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo hapa Kalamba, na leo jua limetoka kali, la kumtoa kila mtu nyumbani aende shambani. Mkono wangu wa kulia unauma tangu mchana. Naandika haya kwenye simu kwa kidole kimoja cha kushoto, polepole, kama mtu anayejifunza herufi.

Leo nimempiga mtu mpaka akaanguka.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba kila Jumamosi saa nane mchana ninafundisha hesabu wanafunzi wa sekondari katika ukumbi wa kanisa letu. Leo walikuja sita tu. Ardhi ikishalowa hivi, kila nyumba inapanda ndengu, na hakuna mzazi anayetaka kusikia habari za aljebra. Mwende wa kidato cha tatu alifika wa mwisho, miguu mitupu, matope mpaka magotini, daftari amelifunga kwa karatasi ya nailoni. Sikumuuliza ametoka wapi. Nilifurahi tu kumwona, kwa sababu Mwende ndiye anayeniuliza "kwa nini" wakati wengine wanauliza "jibu ni ngapi".

Tulikuwa kwenye mada ya duara. Nilichora moja kubwa kwa ile bikari ya mbao ya ubaoni, yenye ncha ya chuma. Nusu kipenyo, tuseme, sentimita tano. Nje ya duara nikaweka nukta, sentimita kumi na tatu kutoka katikati. Mstari ukitoka kwenye nukta hiyo na kugusa duara mahali pamoja tu, urefu wake ni ngapi?

Mwende akaja mbele. Akaonyesha pembe ya mraba pale mstari unapogusa, akaandika mia moja sitini na tisa, akatoa ishirini na tano. Alikuwa ameinua chaki aendelee wakati mlango uliposukumwa ukagonga ukuta.

Alikuwa baba yake, Mutua. Ni mzee wa kanisa hilohilo, mtu wa kuombea wagonjwa, na sauti yake Jumapili ni nyororo. Leo alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye plau, na kile kiboko cha kuswagia ng'ombe kilikuwa bado mkononi.

"Nani alikwambia utoke kwa shamba?"

"Nau, nilikuwa nirudi saa kumi," Mwende akasema. Nau ni baba. Alilisema kwa sauti ya mtoto mdogo sana.

"Umeniacha na ng'ombe katikati ya mstari!"

Kiboko kilimpata mgongoni kabla hajageuka. Sauti yake katika ukumbi ule mtupu ilikuwa kali kuliko nilivyofikiria sauti ya ngozi inaweza kuwa. Cha pili kilipasua blauzi. Cha tatu kikampata sikioni, akaanguka kwa magoti chini ya ubao, mikono juu ya kichwa, na damu ikaanza kushuka shingoni ikiingia kwenye kola.

Wale wengine walipanda juu ya mabenchi wakipiga kelele.

"Baba Mwende, hapa ni kanisa!" Nikaingia katikati yao. Kiboko kikanizunguka shingoni, moto mtupu.

"Na huyu ni mtoto wangu. Simama kando, Mwalimu." Halafu akamwinamia Mwende, akamvuta kwa nywele. "Kichwa ngumu wewe! Ngumu kama jiwe!"

Nitasema jambo ambalo sijawahi kusema popote. Maneno hayo ni yangu. Nilifundisha miaka kumi na minne katika shule moja upande wa Kanyangi, na kwa miaka hiyo yote nilikuwa nachapa. Nilichapa wanafunzi kwa kukosea alama ya kutoa. Kulikuwa na msichana, Kavinya, nilimchapa viganja mpaka akashindwa kushika kalamu, nikimwambia maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo. Niliacha kazi hiyo nikawaambia watu nimechoka na safari. Uongo. Nilikuwa nimeanza kusubiri wakosee.

Kwa hiyo leo sijui nilikuwa nampiga nani.

Bikari ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimpiga Mutua nayo juu ya jicho. Ngozi ilifunguka, damu ikamjaa usoni, kiboko kikamtoka. Akajikwaa kwenye benchi, akaanguka chali. Mwende alikuwa huru. Mtu yeyote angeweza kumshika mkono akamtoa nje.

Mutua akainua mkono kujikinga. "Basi, Mwalimu," akasema. "Basi."

Nilimsikia vizuri.

Nikampiga tena. Mfupa wa mkono wake ulilia kama kuni kavu.

Kwenye zahanati walimshona Mwende nyuma ya sikio na kumpaka dawa mgongoni. Niliketi naye nikamshika mkono. Nilitarajia, kwa aibu yangu, kwamba ataniambia asante. Aliangalia sakafu.

"Madam," akasema, "alikuwa ameshasema basi."

Nikauachia mkono wake.

Mama yake alifika na udongo bado mikononi. Alimwangalia binti yake mgongo, akaufunika kwa leso yake taratibu. Kisha akanigeukia. "Umefanya vizuri kumzuia," akasema. "Lakini umemvunja mkono wiki ya kupanda. Plau atashika nani, Mwalimu? Wewe?"

Kwenye kituo cha polisi, afisa alifungua kitabu. "Ulimpiga mara ngapi?"

"Mara moja, afande. Kumzuia tu."

Akaandika. Mwende alikuwa ameketi kando yangu. Aliinua uso akaniangalia, akauinamisha tena. Afisa akasema Mutua ataitwa akitoka hospitali, na msichana akae kwa mama mdogo wake, dada ya mama yake, mpaka kesi isikizwe. Akasema pia kwamba Mwende atatoa ushahidi.

Pasta alikuja kwangu saa kumi na moja. Hakutaka hata kuketi. "Dada, kesho msimame mbele, wewe na Mutua, mshikane mikono. Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Mgongo wa Mwende pia utasimama mbele, Pasta?"

"Usiwe hivyo."

"Nimeuliza tu."

Akasema kama sitaki amani, nisiutumie tena ukumbi. Nikampa ufunguo. Nilipofunga mlango nilikaa chini sakafuni nikalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha ukumbi.

Nimefikiria tangu aondoke. Nikisema nilimpiga mara mbili, ndugu zake Mutua watashangilia. Watasema mwalimu ni mkatili kuliko baba, na kesi ya mtoto inaweza kuzama katika kesi yangu. Naweza kufungwa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Wale wanafunzi watano walikuwa wameshakimbia nje. Mutua hakuona chochote kwa damu ile, na nani atamwamini?

Ila Mwende aliona. Na Mwende ataulizwa.

Atasimama mbele ya watu wazima, msichana mwenye makovu mgongoni, achague kati ya ukweli na mwalimu wake. Mtoto aliyezoea kuniuliza kwa nini. Baba yake alimpa viboko vitatu leo. Sitaki mimi nimpe hiki cha nne, kisichoshonwa na daktari.

Nimempigia mama mdogo wake sasa hivi. Nilimsikia Mwende nyuma yake akikohoa.

"Mwambie," nikasema, "akiulizwa aseme vile aliona. Zote. Asinifichie."

"Zote nini, Mwalimu?"

"Yeye anajua."

Kisha nikasikia akimwambia, neno kwa neno. Nilisikia Mwende akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeteremsha mtungi kichwani.

Kesho wakiwa wanaimba kanisani nitakuwa kituoni. Nimejizoeza maneno hapa jikoni, kwa sauti.

Mara mbili, afande. Pigo la pili, alikuwa chini.