Wametupigia Kura Sisi Hatupo

Queralt, uko wapi? Soma hii kabla Eudald hajakusimulia kwa maneno yake matamu.

Leo mkutano wetu wa mtaa umepitisha kwamba siasa zetu sasa ni za kifeministi. Wote wamekubali. Na ukumbini hakukuwa na mwanamke hata mmoja!

Hata mmoja, shoga!

Wanawake wote tisa tulikuwa chumba cha pili na watoto wa hao wanaume. Mimi nilikuwa nambadilisha nepi mtoto wa Eudald, huyo huyo mwenyekiti. Na si unajua hatupigi makofi siku hizi, tunapunga mikono hewani tusiwashtue watoto? Basi wamepunga kimya kimya, wala sisi hatukusikia kitu.

Natoka na mtoto mkononi, Eudald ananipokea na tabasamu la bwana harusi. "Remei, mmeshinda! Barcelona nzima itatuiga!"

Nikamwuliza, "Tumeshinda nini?"

"Tumepitisha kwamba malezi ni kazi ya wote. Tena tumewataja kwa shukrani."

Kwa shukrani! Nina matapishi ya mwanawe begani, ananiambia kwa shukrani!

Nikamtia mtoto mikononi, nepi inaning'inia. Wenzangu nao wakaleta wengine, kila mtoto kwa babake. Tukachukua mikoba yetu, tukatoka.

Sasa tuko baa ya hapo kona, tunakunywa divai ya vermuti na kula zeituni. Eudald kashapiga simu mara saba, anauliza nepi inafungwaje.

Nimemjibu: pigeni kura.