Dawa ya Babu Yako Ina Majina Mawili

Nyumba ya pili nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Kijiti,

Wewe mtoto, barabara ya kuja huku imeota miti? Miezi kumi na mmoja! Hata paka aliyehama hurudi kunusa mlango. Haya, nimekwisha kukugombeza, sasa nikusalimu. Hujambo? Mumeo hajambo? Mtoto ameota meno? Sisi tupo, tunazisukuma siku. Magoti yananiuma, ila hayo tumeshazoeana.

Anayeandika ni jirani yetu fundi viatu. Alitaka kuandika kwamba nimechoka kidogo, nikamfutisha. Nimechoka sana.

Kinachonichosha ni kiungulia cha babu yako. Uliponitumia picha ya lile boksi la zambarau ukasema, "Bibi, nunua hili hili," nikashika neno. Kadi ya bima inamlipa daktari atuambie mzee anaumwa. Dawa tujinunulie wenyewe. Boksi moja ni unga wa mwezi mzima. Nikawa nafua mashuka ya nyumba ya wageni ili nilipate.

Lina vidonge kumi na vinne, kimoja kila asubuhi. Mwezi uliopita, siku ya ishirini na sita tangu tulifungue, nikakuta bado kimo kimoja. Nikamuuliza, "Mzee, hii dawa inazaa?" Akasema amepona. Amepona gani mtu anayelala amekaa, mito mitatu mgongoni, na kila tonge analisukuma kwa maji? Nikamkazia macho. Ndipo akasema, "Naiona mikono yako, mke wangu. Sabuni imeila. Nikaona nimeze leo, kesho niache."

Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Kisha nikaenda uani kulia, nikasingizia sabuni.

Kesho yake nikamwambia mama wa duka la dawa, "Leo nataka kuelewa, sitaki kununua tu." Akaweka maboksi mawili mezani, la zambarau na jeupe. "Bibi, haya maandishi makubwa ni jina la kampuni. Jina la dawa ni hili dogo hapa chini." Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Nikaweka kidole, nikalinganisha kama mtu anayelinganisha vifungo vya shati: duara kwa duara, nguzo kwa nguzo, ndoano kwa ndoano. Sawasawa! Hata namba ya nguvu yake ni ile ile. Kama wewe, kwenye cheti una jina refu la kukata pumzi, na kwetu ni Kijiti. Na hilo jeupe bei yake ni robo.

Nikamfokea, "Mbona miezi minane hukuniambia?" Akanijibu, "Nilikuambia, bibi, ukanijibu mjukuu wako kasema zambarau, nikuondokee." Kweli nilisema.

Sikulaumu. Wewe ulituma kwa mapenzi, mimi nikabeba kwa kiburi.

Sasa anameza kila siku, moto wa kifuani umepungua. Lakini chakula bado kinamkwama. Mama wa duka akaniambia dawa inazima moto tu, kinachozuia chakula haikioni. Apelekwe akapimwe kwa kile kimpira chenye kamera. Babu yako anasema hamezi kamera, yeye si mpiga picha. Anaogopa, Kijiti. Na mimi naogopa.

Nisalimie mama yako, na shangazi yako mshonaji mwambie bado nipo. Mungu akutangulie kila unapokanyaga, akulindie na huyo mtoto wako.

Uje Jumapili ya tarehe ishirini na moja, ulale hapa. Usimwambie babu yako umefuata nini. Jumatatu ndiyo siku ya daktari wa kamera. Asubuhi asionje hata maji, mshike mkono, mwambie mnatembea kidogo. Mimi ananibishia, wewe hajawahi kukukatalia.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Bibi yako