Morum la Rubus

Goma, Katoyi, Jumatano

Mwalimu,

Nitakueleza yote, hata ya aibu. Wewe hukupenda daftari lenye ukurasa uliochanwa.

Tangu tukuzike, saa ya Latini tunajisomea wenyewe, sisi wanne tuliobaki darasani. Barabara ya kwetu Kibati bado imefungwa kwa sababu ya vita. Ninaishi kwa mama mudogo, na siku tunazokatazwa kutoka ninakaa mlangoni na daftari ulilonisahihishia.

Unakumbuka uliponiita ubaoni? Pirus ni mti, pirum tunda lake. Morus ni mti, morum tunda lake. Kisha ukauliza: na rubus, kile kichaka cha miiba, tunda lake? Nikaandika haraka, kwa furaha: rubum. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Mutoto, umevumbua tunda ambalo hata Waroma hawakulijua!" Darasa likaniita Rubum mpaka Pasaka. Jibu lilikuwa morum. Tunda la kichaka limeazima jina la mti mwingine.

Sikukuambia kwa nini nilikosea. Kwetu Kibati, kichaka hicho kinaitwa umukeri, na tunda lake inkeri. Tulizichuma na papa, baba yangu, juu ya mawe ya volkano, vidole vikawa vyeusi. Sikujua kwamba tunda linaweza kupoteza jina la kwao.

Sasa yamenifika. Ijumaa prefe, mkuu wetu wa shule, anafunga orodha ya mtihani wa diploma. Cheti changu cha kuzaliwa kilibaki Kibati, papa amekufa, na shuleni wewe tu ulimjua. Ungesimama mbele ya prefe ukasema mimi ni mtoto wa nani. Mume wa mama mudogo, ana roho nzuri, ameniambia: "Kamata jina yangu, Zawadi. Kwa karatasi ukuwe mutoto yangu, upate diploma." Nikikataa, hakuna mtihani. Nikikubali, papa anabaki ng'ambo ya barabara iliyofungwa, peke yake.

Jana nimeona ulichoandika kwa wino mwekundu chini ya kosa langu: morum rubi. Morum la rubus: jina la kuazima mbele, la kwao nyuma yake. Sikuwa nimekisoma. Na fomu ya prefe ina nafasi ya jina la pili.

Pumzika, Mwalimu. Vale, kama ulivyotufundisha kuagana. Ninakuahidi Latini isiyo na kosa siku ya mtihani. Lakini nijibu kabla ya Ijumaa, kwa njia yoyote mliyo nayo huko: nikiandika jina la mume wa mama mudogo kwanza, kisha la papa, utalipigia mstari mwekundu?

Zawadi