Hodi Kwenye Nyumba ya Kamba

Jumanne, 11 Juni. Asubuhi ya manyunyu, kisha jua jepesi.

Leo nimepata nyumba isiyo na ukuta.

Distrito, yaani ofisi ya wilaya, imetugawia viwanja sisi tunaoishi kwa nazi: wakamuaji mafuta, wasokota kamba, wachoma mkaa wa vifuu, nami mpika sabuni. Wanasema kumpelekea kila mtu umeme na maji kwake ni ghali. Tukikaa pamoja, nguzo zile zile na kisima kile kile vitatutosha sote. Tangu turudi mjini kutoka ukimbizini napikia uani kwa mama, kwa hiyo moyo ulinienda mbio.

Lakini viwanja viligawiwa kwa kura, asije mtu akalalamika. Mimi nikaangukia kiwanja cha barabarani. Tomasi, msokota kamba, akaangukia nyuma, ubavuni kwa Bi Muaija mwenye mashine ya mafuta. Bila mafuta yake sina sabuni. Sasa hivi yanatoka kwake Mbau, mbali na hapa, na mvua ikinyesha njia haipitiki, sufuria yangu inalala baridi.

Pale hakuna kitu, ni vigingi na kamba tu juu ya mchanga. Hata hivyo hakuna aliyevuka kamba ya mwenzake bila kupiga hodi. Nami niliitikia karibu, nikasogea kumpisha mgeni. Kwa kitambo niliona hata dirisha, na vipande vya sabuni vyeupe vikikauka mwangani.

Bi Muaija ndiye aliyenizindua. "Mwanangu, peke yangu mashine siileti huku porini. Ukija ubavuni kwangu, naileta."

Nikamwendea Tomasi tubadilishane. Akacheka. "Dada, barabarani unaniachia mimi? Umekula nini asubuhi?"

"Sabuni," nikamjibu.

Bwana wa distrito akafuta majina yetu, akayaandika upya.

Mama amekasirika tangu magharibi. Kwake yeye, nimetupa wateja wote wapitao njiani. Huenda. Nguzo hazijafika, na Bi Muaija akibadili nia, nitabaki uchochoroni na sufuria yangu.

Naogopa. Na bado, nikifumba macho, nasikia mashine ikinguruma upande wa pili wa ukuta ambao haujajengwa.

Baada ya isha Bi Muaija amepiga simu. Hakusalimia hata. "Mlango wako utauelekeza wapi?"

"Kwako, Bi Muaija."

"Basi nami nageuza wangu."

Saa sita kasoro robo. Sasa nalala.