Adresi Haiitikiwi

Mwanangu Yohana, mkalimani wa Wazungu,

Kiingereza nakijua kukushinda wewe na huyo bwana wako mkiunganishwa. Haya, nimesema uwongo. Najua maneno matano, na matatu ni matusi niliyofundishwa na mabaharia kule Likoni. Lakini tangu siku ile ya Kisauni nimeongeza la sita, nalo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Barua hii sikuitia gundi, makusudi. Yeyote itakayempitia mkononi na aisome, ajue ulilomtenda babako.

Ulikuja na soksi zako ndefu, unamfuata yule Mzungu aliyetaka shamba letu apige kambi ya askari wa vita. Tukakaa kwenye banda la kanisa. Ukatangaza, kidevu juu: "Bwana amekubali mzee aadresi mkutano."

Nikakuuliza, "Aadresi ndiyo afanyeje?"

"Aseme kwa heshima, baba mdogo. Ndivyo wasemavyo watu wakubwa."

Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasogeza kigoda kando ya kaka yangu, babako, maana tangu ujana wetu yeye husema, mimi huitikia.

Babako akasimama. "Shamba hili alilifyeka baba yetu."

"Hee!" nikaitikia.

Mzungu akagonga meza. Nawe ukanigeukia, umeona haya kama tumekuja uchi: "Baba mdogo, nyamaza! Mzee anaadresi."

"Na mimi naitikia."

"Adresi haiitikiwi! Mmoja husema, wengine hufunga midomo."

Nikaufunga. Babako akasema, "Minazi hii tuliipanda sisi," akangoja. Akanitazama. Mimi nimejiziba mdomo kwa ukosi wa shati. Kwetu neno lisiloitikiwa limekataliwa, na mwenye adabu haongezi jingine juu yake. Ulilijua hilo, Yohana! Hujaota magego ulikuwa ukiwaitikia wazee "hee, hee" mpaka wanacheka, wanakupa maini ya mbuzi. Babako akasimama pale, mikono nyuma, anangoja. Kisima hakukitaja. Kaburi la mama yetu hakulitaja. Mzungu akatazama saa, akakuuliza kitu, nawe ukajibu, "Yesi, sa."

Hilo limo katika matano yangu. Mwalimu aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza swali lenyewe: bwana ameuliza kama mzee amemaliza.

Wallahi ningekuwa na meno ningekuuma.

Nimemwandama mwalimu huyo anieleze neno lako. Asema kuadresi ni kumwelekezea mtu maneno. Sasa ukimwelekezea mtu maneno, huyo ni mtu au ni kinu? Hana mdomo? Hata muuza mihogo akipita akiita, huitikiwa, "Lete!" Ninyi mna usemi gani huo unaoogopa kujibiwa? Kama ndiyo heshima, wapelekee wenye soksi.

Vigingi vya kambi vimepigwa mpaka mlangoni mwa jiko. Babako amehamia kwa dadako, Mikindani. Nilipokwenda kumwona alianza, "Leo joto." Nikaitikia, "Hee!" Papo hapo akageukia ukuta. Kaka yangu huyo, aliyekuwa akishika neno mchana halimtoki hadi kuku walale! Siku hizi husema na hao kuku. Labda kwa kuwa hawana mkalimani.

Nina hasira nawe, ndiyo maana mwandiko huu kama nyayo za kaa. Usinitumie shikamoo. Usinitumie sukari pia. Haya, sukari tuma.

Lakini nisikilize. Minazi bado imesimama, askari hawajaja. Siku ya posa yako babako alisema nami nikaitikia hadi sauti ikanikauka, wakwe zako wakalegea, ukapewa mke. Kwa jasho lile hukunipa hata ahsante. Basi nilipe hivi: kesho, kabla bwana wako hajamaliza chai yake, simama mbele yake umwambie, kwa Kiingereza chako chote hicho, kwamba yule mzee alikuwa bado anasema.

Ni mimi, baba yako mdogo.